Vitambaa Vinne

Jumatano, 4 Machi
Asubuhi mawingu mepesi, hakuna upepo

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama, na kwamba wifi yangu hakukununia kwa kuchelewa. Huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua akiinuka, lakini akishakaa hakuna kinachomzuia kusema. Tangu Jumapili anawasimulia majirani jinsi mwanawe alivyotoka uani na lile gari la milango miwili, likapiga mluzi hadi nguo zikaanguka kwenye kamba. Nguo hazikuanguka. Nimemwachia afurahi. Mwanangu Chiriku naye kila akikimbia lazima kwanza apige mluzi kama tabo ya gari. Ana miaka mitatu na tayari ana kelele kuliko wewe.

Sasa la gari. Kazi yote ya Jumamosi nimeiandika kwenye daftari langu. Tuliondoa kasha la chujio la kiwandani, tukahamisha sensa ya kupimia hewa kwenye lile bomba jipya ulilonunua, tukafunga bomba kwenye mdomo wa tabo inayosukumia injini hewa kwa klipu mbili, tukarudisha mpira mdogo wa kupumulia injini, kisha tukaweka lile bati la kukinga joto. Kama karakana yetu ya mabasi inavyotufundisha, kila mdomo uliobaki wazi niliuziba kwa kitambaa, ili hata punje ya mchanga isiingie. Vitambaa vinne vilitoka kwenye mfuko wangu, vinne vikarudi. Klipu zote nimezitia alama ya rangi nyeupe. Ukiona alama imesogea, ujue klipu imelegea. Usifungue chochote. Uliniapia mbele ya Mama kwamba hutagusa, nami nakukumbusha.

Bado nasema bomba la kiwandani lilikutosha. Lakini limeshafungwa, basi.

Mtihani wangu wa ukaguzi ni tarehe 27. Nikifaulu, hakuna basi litakalotoka getini bila muhuri wangu. Niombee.

Kwa kuwa simu huko bwawani kwenu zinafaa kutazamia saa tu, barua nampa Polepole wa lori la vyakula, anayeondoka kesho. Niandikie atakaporudi.

Dada yako

---

Jumapili, 8 Machi

Dada, shikamoo.

Tumeipokea barua yako pamoja na maharage aliyotuma Mama. Polepole ameyafikisha yote, jambo ambalo si la kawaida. Mimi mzima. Kazi ya upimaji inasonga, ukuta wa bwawa umefika kiunoni mwa mlima. Wifi yako anakusalimia sana. Miguu imeanza kujaa lakini anacheka. Anasema kuingia kwenye gari langu sasa ni kama kuvaa suruali ukiwa umekaa.

Dada, lile bomba! Nilipofika kambini walitoka mpaka wapishi. Ule mluzi ukipanda mlima unasikika ng'ambo ya bonde. Fundi wa mitambo mikubwa akaniuliza nani kalifunga, nikamwambia dada yangu, akasema, "Acha uongo." Nikamwambia njoo umwambie mwenyewe uone.

Na si kelele tu, kama unavyodhani. Huku juu hewa ni nyepesi, gari lilikuwa linahema kama mzee. Sasa linapanda bila kuombwa. Unajua kwa nini nilinunua gari la kasi na si pikapu. Baada ya yale yaliyotupata kwenye uzazi wa kwanza, muuguzi wa kambi amesema wazi kwamba wifi yako asijifungulie hapa kwa hali yoyote. Siku zake ni wiki ya kwanza ya Mei. Lori ni siku mbili za kurushwarushwa. Mimi kwa gari ni saa sita. Tumekubaliana tutashuka Jumamosi, tarehe 25 Aprili, moja kwa moja hadi kwako.

Kitu kidogo tu. Kile kijiti cha kupimia oili nimekikuta kimechomoka mara mbili. Nimekisukuma kikarudi. Na kuna matone mawili matatu ya oili ninapoegesha. Nadhani ni kawaida ya gari kuzoea kitu kipya. Au sivyo, Mkaguzi?

Mdogo wako

---

Jumatano, 18 Machi
Asubuhi jua, joto lilianza mapema

Mdogo wangu,

Barua yako niliipata Jumatano iliyopita na nimeisoma mara nyingi. Hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu. Anamfumia mjukuu ajaye kofia, na ameshafumua mara mbili kwa kuwa hajui kichwa kitatoka kwa nani. Chiriku alipata mafua, yameisha. Mama ananiuliza kila siku soksi ya pili ya Chiriku, ile ya njano, iko wapi. Nimemwambia itaonekana. Nasoma kwa ajili ya mtihani, ila kichwa hakitulii sana siku hizi.

Naomba unifanyie jambo moja. Kuna mpira mdogo mweusi, mpana kama kidole gumba, unaotoka juu ya injini na kuingia ubavuni mwa bomba jipya. Injini inapumulia humo. Ufungue upande wa bomba, utazame ndani, utie na kidole. Kisha urudishe na kukaza. Ni dakika kumi tu. Ni tahadhari, hakuna zaidi ya hapo. Kijiti kinachochomoka si kawaida ya gari kuzoea kitu.

Na uandike kiasi cha oili unachoongeza, kwa kipimo, si kwa makadirio.

Umsalimie wifi yangu. Mwambie ainue miguu anapokaa.

Fanya hili kabla ya safari yoyote ndefu.

Dada yako

---

Jumapili, 22 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Mvua imeanza, barabara ya kambini imekuwa uji. Wifi yako anainua miguu kama ulivyoagiza, na sasa ni mimi ninayechota maji, kwa hiyo amri zako zinatekelezwa bila upungufu. Kofia ya Mama itatosha tu, mwambie. Kama kichwa kitatoka kwangu, afume kubwa.

Kuhusu mpira mdogo. Dada, tarehe 28 Februari uliniapisha mbele ya Mama nisiguse hata klipu moja. Ukazipaka rangi kama mtu anayepaka mpaka wa shamba. Wiki mbili baadaye unaniambia fungua, tia kidole. Nini kimebadilika? Nimemsomea wifi yako barua yako, naye kauliza hivyohivyo.

Fundi wa mitambo amelitazama kwa juu, akasema magari haya yana tabia zake. Oili naongeza nusu lita mara mojamoja. Asubuhi linatoa moshi wa bluu kidogo, lakini huku asubuhi hata sisi tunatoa moshi mdomoni. Nenda kafanye mtihani wako kwa amani. Tarehe 25 Aprili tutafika, utalikagua mpaka uchoke.

Au kuna kitu hujaniambia?

Mdogo wako

---

Jumatano, 1 Aprili
Asubuhi mvua ya manyunyu, imekatika saa mbili

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa Mama na Chiriku. Mtihani nimefaulu. Juzi Jumatatu Msimamizi wa karakana alinikabidhi muhuri mbele ya mafundi wote, wakapiga makofi, na mmoja akasema sasa hata pumzi zao nitazipigia muhuri. Nilicheka nao.

Umeuliza nini kimebadilika. Sina namna ya kuliandika vizuri, kwa hiyo nanakili ukurasa wa daftari langu kama ulivyo.

"Jumamosi, 14 Machi. Asubuhi jua kali. Nimefua. Soksi ya njano ya Chiriku ipo moja. Nimetafuta chini ya kitanda, kwenye beseni, nyuma ya kabati. Saa tano Mama kasema, 'Mara ya mwisho niliziona zote mbili kwenye kamba, siku mliyokuwa mkichokoa gari.' Nikakaa chini. Midomo ilikuwa mitano, vitambaa nilileta vinne. Ule mpira wa kupumulia ulikuwa mwembamba, kitambaa hakikuingia. Upepo ulikuwa umeanza kurusha vumbi. Kamba ilikuwa karibu na mkono wangu. Niliviringisha soksi nikaisukuma ndani kwa kidole, ndani kabisa, isipeperuke. Baadaye nilihesabu vitambaa. Vilikuwa vinne. Hesabu ilikuwa sahihi. Soksi haikuwa kitambaa, kwa hiyo sikuihesabu. Nalala saa nane na robo usiku."

Ndivyo ilivyo. Imo ndani ya mpira. Mwanzoni soksi hupitisha hewa kidogo, ndiyo maana ulifika. Kadiri inavyoshiba oili inaziba. Injini ikikosa pa kupumulia, inasukuma oili nje kupitia kila sili, zile pete za mpira zinazoizuia, na ndiyo inayorusha kijiti chako. Oili ikidondokea bomba la moshi lenye moto inaweza kuwaka. Ikiisha njiani, tabo inakufa palepale na injini nyuma yake, na ninyi mko kwenye kona za mlima, mtu wa karibu yuko umbali wa saa tatu.

Nilipokuandikia tarehe 18 nilikuwa najua. Niliandika "tahadhari". Zilibaki siku tisa nifanye mtihani wa kukagua kazi za wengine, na nikafikiri ukifungua tu utaitoa, utanicheka, yataisha. Sikufikiri kwamba kiapo nilichokulisha mwenyewe ndicho kitakachokuzuia. Nilijali jina langu kwanza. Hilo nalo liandikwe.

Fungua mpira leo, ukishasoma hapa. Na usimpakie wifi yangu kwenye gari hilo, hata likiwa limetulia, hata ukiliona zima. Nimemwambia Polepole barua hii aiweke mfuko wa shati, si kwenye kabati la lori, na akukabidhi mkononi kabla hajashusha gunia lolote. Kanitazama, akasema, "Dada, kuna msiba?" Nikamwambia bado.

Dada yako

---

Jumapili, 5 Aprili

Nimefungua jana, Polepole akiwa bado amesimama pale. Ilikuwemo. Imegeuka nyeusi na ngumu kama kipande cha tairi. Sili ya nyuma imechanika, chini ya gari pote ni oili. Fundi wa mitambo alitazama, akaenda zake.

Gari nimeliegesha. Haliendi popote.

Nilikuandikia nusu lita. Tangu nifike nimeongeza lita nne. Taa nyekundu ya oili iliwaka mara mbili kwenye mteremko wa mtoni, nikaendelea, nikiiomba izimike. Ilizimika. Sikukuambia kwa sababu ulinikataza kununua lile bomba na sikutaka kusikia sauti yako.

Tarehe 25 tungekuwa kwenye kona zile. Nikifika hapo kwa mawazo siendelei.

Wifi yako anashuka na lori hili. Ametaka mwenyewe. Mimi nilisema tungoje gari la wahandisi, akasema gari la wahandisi halina tarehe, tumbo lina tarehe. Polepole ametandika magodoro mawili nyuma ya kiti na ameapa kwenda kwa mwendo wa jina lake. Kazini wamenikatalia ruhusa mpaka mwisho wa mwezi.

Anakuja kwako. Sina kwingine.

---

Alhamisi, 16 Aprili
Asubuhi kumetakata, baridi kidogo, hakuna wingu

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwenye benchi la hospitali, karatasi ikiwa juu ya mkoba. Polepole anaondoka saa sita mchana na amekubali kupita hapa. Nianze na la kwanza ili usilitafute chini: wote wawili wazima. Ni msichana. Kilo mbili na gramu mia saba. Kazaliwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri ya leo.

Sasa nieleze kwa utaratibu.

Wifi alifika Jumatano ile, tarehe 8, saa kumi jioni. Polepole alimshusha kama anayeshusha kreti ya mayai. Mama alimpokea kwa kilio, kisha kwa uji, kisha kwa maneno, ambayo hayajaisha. Mimi nilipewa barua yako, nikaisoma nimesimama. Haikuwa na salamu mwanzo wala jina lako mwisho. Tangu siku hiyo nimeisoma mara kumi na moja.

Kwa wiki nzima wifi hakutaja gari, nami sikutaja. Tuliongea habari za nepi, za goti la Mama, za jirani aliyehama. Alikuwa akishika kiuno nami nikifa ndani kwa ndani, nikijiambia zile siku mbili za lori zimemtikisa mtoto, na lori amelipanda kwa sababu yangu. Muuguzi wa hapa alimpima mara mbili, akasema yuko sawa. Sikumwamini. Nilimwomba apime tena. Akaniuliza, "Mama, wewe ni nani wake?" Nikasema wifi. Akasema, "Basi wifi, kaa pale."

Nilikwenda pia kwa Msimamizi nikamweleza yote. Aliuliza ni nani aliyeigundua soksi. Nikamwambia mimi. Akauliza kwa nini basi namweleza. Nikauweka muhuri mezani. Amechukua muhuri kwa mwezi mmoja na kuniagiza niandike utaratibu mpya wa karakana: kila kinachoziba mdomo kiandikwe kwa chaki juu ya boneti, kiwe kitambaa, gazeti au kidole, na injini isiwashwe mpaka mtu wa pili afute chaki hiyo. Mafundi wananiita Chaki. Nimewaacha.

Jana saa nne asubuhi, wiki mbili na ushee kabla ya siku za wifi, maji ya uzazi yakamtoka. Niliomba pikapu ya karakana. Nilizunguka nikitazama matairi, oili, maji, breki. Wifi alikuwa ameshakaa ndani, anashika dashibodi.

"Wifi, umelikagua?"

"Nimelikagua."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi endesha. Au unataka nizalie hapa umkague na mtoto?"

Nikaendesha. Tulipofika kwenye taa za barabarani, akiwa anahema, akasema bila kunitazama, "Siku ya kwanza njiani nilikukasirikia wewe. Siku ya pili nikamkasirikia yeye. Harufu ya oili tuliisikia tangu mwezi wa tatu, sote wawili." Kisha akanishika mkono wa gia na kuuminya mpaka nikashindwa kubadilisha. Tulivuka makutano kwa gia ya pili.

Ilichukua muda mrefu. Mtoto alipotoka hakulia. Nilisimama mlangoni nikihesabu. Nilifika thelathini na nne, mkunga akimpangusa na kumpigapiga nyayo, na sikuwa na chombo cha kushika wala klipu ya kukaza. Kwenye thelathini na tano akalia. Mama aliyekuwa nje ukumbini alisikia, akaanza kuwasimulia watu ambao hakuwajua.

Ana paji lako. Kofia ya kwanza haikumtosha, ilikuwa kubwa.

Jambo la mwisho. Barua ya tarehe mosi ilikuwa maelezo. Sikukuomba radhi ndani yake. Nilijificha nyuma ya daftari. Sasa naomba. Nilikuficha kitu nikijua kinaweza kuwaua, kwa siku kumi na nane, na hakuna mtihani wenye thamani hiyo.

Sili ya nyuma nimeipata, ni ya gari hilohilo, nimepima. Mpira mpya pia. Nimeomba likizo, nitapanda lori la tarehe 30 nije nazo. Sitasema liondolewe bomba wala libaki. Gari ni lako. Na kama hutaki mkono wangu uliguse tena, sitaligusa. Utafunga wewe, mimi nitashika tochi na kukusomea daftari.

Kama bado una hasira, andika kwamba una hasira. Andika kurasa nne. Lakini anza na salamu, na mwishoni uweke kwamba wewe ni nani wangu.

Wifi kalala, mtoto juu ya kifua chake. Kitanda cha jirani kiko tupu na muuguzi, yuleyule, ameniambia nijilaze kabla sijaanguka. Barua namwachia yeye ampe Polepole. Amehesabu kurasa mbele yangu.

Shangazi wa binti yako

Saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nalala.